Faini ya Maegesho ya Halmashauri: Kulipa, Kupinga, na Hatari ya Kunyamaza

Dereva anayerudi kwenye gari lake katika maegesho ya halmashauri nchini Uingereza, akakuta bahasha ya plastiki imebandikwa kwenye kioo cha mbele, amepewa na sheria njia mbili: kulipa au kupinga. Ipo ya tatu ambayo haimo kwenye sheria yoyote, nayo ndiyo inayowagharimu wengi wetu tuliohamia huko kutoka Afrika Mashariki: kuitia karatasi kwenye droo ya gari na kutumaini kwamba itasahaulika. Haisahauliki. Faini ambayo ingemalizwa kwa paundi 25 inaweza kuvuka 380, na mwisho wake ni dalali wa mahakama mlangoni. Wakati huohuo wapo wenye hoja nzuri kabisa, wenye risiti mfukoni, wanaolipa bila kusema neno kwa sababu wanaogopa kupoteza punguzo la kulipa mapema. Kunyamaza na kulipa kwa hofu vina mzizi mmoja. Utaratibu huu umejengwa juu ya tarehe, na asiyezijua tarehe zake hawezi kuipata haki yake hata kama anayo.

Ninachoeleza hapa ni utaratibu wa England. Wales inafanana nao kwa mengi. Scotland na Ireland Kaskazini zina yao.

Kabla ya lolote, soma ni nani aliyeiandika hiyo karatasi. Ya halmashauri ina kichwa cha Penalty Charge Notice, ina jina la halmashauri, na imetolewa chini ya sheria ya 2004 inayoitwa Traffic Management Act. Kampuni binafsi zinazosimamia maegesho ya supamaketi, hospitali na migahawa nazo hutoa karatasi, ila yao huitwa Parking Charge Notice. Zote mbili watu huziita PCN, na bahasha mara nyingi zinafanana. Ya halmashauri ni adhabu iliyowekwa na sheria ya bunge. Ya kampuni ni dai la mkataba: kampuni inasema kwamba ulipoingia na kuegesha ulikubali masharti yaliyoandikwa kwenye ubao wake. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya ParkingEye dhidi ya dereva aliyezidisha muda kwenye maegesho ya maduka huko Chelmsford, iliamua kwamba dai la paundi 85 lilikuwa halali. Kwa hiyo ule ushauri unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba karatasi za kampuni binafsi ni za kutupa, umepitwa na wakati. Kampuni inaweza kukufungulia kesi ya madai, na hukumu usiyoijibu wala kuilipa hukaa kwenye rekodi yako ya mikopo kwa miaka 6. Malalamiko dhidi yao huenda kwenye vyombo vya rufaa vya POPLA au IAS, kutegemea kampuni ni mwanachama wa chama kipi. Alama moja inasaidia kutofautisha: katika maegesho ya halmashauri, faini kwa kawaida huachwa kwenye gari na mkaguzi aliyefika hapo kwa miguu. Ukipokea kwa posta barua yenye picha za kamera zinazoonyesha gari likiingia na kutoka, karibu kila mara hiyo ni ya kampuni.

Tukiziacha za kampuni, tubaki na za halmashauri, ambazo zina historia inayofaa kujulikana. Mita za kwanza za maegesho nchini humo ziliwekwa Mayfair, London, mwaka 1958, na wakaguzi wa kwanza wakaingia mitaani Septemba 1960. Miongoni mwa waliopewa karatasi za mwanzo kabisa alikuwa daktari aliyekuwa amekimbilia hotelini kumhudumia mtu aliyeshikwa na ugonjwa wa moyo. Wananchi walikasirika, na faini ikafutwa. Ninalitaja tukio hilo kwa sababu ya jambo lililolionyesha tangu siku za mwanzo: mkaguzi anaweza kuwa sahihi kabisa kwa mujibu wa kanuni, na bado faini ikawa haistahili kulipwa. Kwa miaka 30 hivi kuegesha vibaya kulibaki kosa la jinai, kazi ya polisi na mahakama za mahakimu. Sheria ya 1991 ikaanza kuihamishia kazi hiyo kwa halmashauri, London ikitangulia, na sehemu husika ya sheria ya 2004 ilipoanza kutumika Machi 2008 ndipo ukapatikana mfumo uliopo England leo. Kanuni zake ziliandikwa upya mwaka 2022.

Mabadiliko hayo yana maana kubwa kwa mhamiaji. Karatasi ya halmashauri haimfanyi mtu kuwa mhalifu. Haiongezi pointi kwenye leseni wala haiingii kwenye rekodi ya polisi. Nimewasikia watu wakisema wamelipa haraka faini wasiyostahili kwa sababu wanasubiri viza au uraia na hawataki jina lao lionekane linabishana na serikali. Hofu hiyo inaeleweka, lakini inakosea mahali. Kuipinga PCN ya halmashauri ni kutumia utaratibu uliowekwa na bunge kwa ajili hiyo, na mtu hahesabiwi mkorofi kwa kuutumia.

Sasa fedha. Nje ya London, halmashauri huchagua moja ya ngazi mbili. Katika ngazi ya kwanza faini ni paundi 40 kwa kosa dogo na 60 kwa kubwa. Katika ya pili, ambayo ndiyo iliyochaguliwa na nyingi, ni 50 na 70. Kosa dogo ni kama kuzidisha muda uliolipia, au kuegesha huku umekanyaga mstari wa nafasi ya jirani. Kosa kubwa ni kama kukaa kwenye nafasi ya watu wenye ulemavu bila beji. London ni ghali zaidi, na tangu Aprili 2025 kiwango cha juu cha mitaa yake kimefika paundi 160. Ukilipa ndani ya siku 14 unalipa nusu, na siku ya kwanza ya kuhesabu ni ileile ambayo karatasi ilibandikwa, jambo ambalo wengi hulikosea kwa kuanza kuhesabu kesho yake.

Punguzo hilo ndilo kiini cha suala zima. Kwa mtu aliyekosa kweli, ni unafuu: alisahau kulipa, anatoa paundi 25, mambo yameisha. Kwa mtu asiyekosa ni shinikizo. Analazimika kuamua, akiwa na hasira na bila kumbukumbu zilizopangwa, kama haki yake ina thamani ya kuhatarisha paundi 25 nyingine. Na akilipa, kesi imefungwa. Hakuna kulipa kwanza kisha kudai urejeshewe. Hapo ndipo mazoea ya nyumbani yanapotupotosha. Aliyezoea Nairobi anajua kwamba gari lisilolipiwa maegesho ya kaunti hufungwa mnyororo gurudumuni, na halifunguliwi mpaka pesa itoke. Aliyezoea Dar es Salaam anajua deni la TARURA linaifuata namba ya gari, na kulimaliza ni kulipa kwa namba ya malipo aliyopewa kwenye simu. Kote kuwili mtu hujifunza kwamba malipo hutangulia na maneno hufuata. England ukitanguliza malipo, maneno hayasikilizwi tena.

Habari njema, ambayo haijulikani vya kutosha, ni kwamba kupinga mapema kwa kawaida hakuli punguzo. Ukiandika pingamizi la awali ndani ya zile siku 14, halmashauri nyingi, zikikukatalia, hukupa tena siku 14 za kulipa nusu. Hazilazimishwi, kwa hiyo angalia nyuma ya karatasi au kwenye tovuti yao kama wanaahidi hivyo. Wakiahidi, basi pingamizi la awali halikupotezei kitu isipokuwa nusu saa ya kuandika, na sioni kwa nini mtu mwenye hoja yoyote ya maana asiiandike. Uamuzi mgumu huja baadaye, wanapokujibu kwamba hapana. Hapo hesabu ni nyepesi: ukilipa sasa unatoa 25, ukiendelea mpaka mwisho unaweza kutoa sifuri au 50. Kama unaamini una nafasi ya kushinda iliyo zaidi ya nusu, endelea. Kama chini ya nusu, lipa na ulale usingizi wako. Hesabu hiyo ni ya mfuko tu. Wapo wanaoendelea kwa sababu hawawezi kukiri kosa ambalo hawakulifanya, nami nawaheshimu.

Nafasi ya kushinda inatokana na ushahidi, na ushahidi una tabia ya kupotea haraka. Ubao wa masharti uliofunikwa na matawi utapogolewa, mistari iliyofutika itapakwa rangi, mashine iliyokataa kadi itatengenezwa. Picha zipigwe siku ileile: gari lilivyosimama, mistari, ubao wa bei, kioo cha mashine chenye ujumbe wa hitilafu, na njia ya kuingilia. Halmashauri nayo ina picha za mkaguzi, na nyingi hukuruhusu kuziona mtandaoni kwa kuingiza namba ya PCN na namba ya gari. Zitazame kabla hujaandika chochote. Pengine zinaonyesha tiketi yako ikiwa juu ya dashibodi, ikisomeka vizuri. Pengine zinaonyesha kwamba unayodhani ni hoja haina miguu, na hapo utajiokolea muda.

Baadhi ya hoja zina nguvu za kisheria. Tangu Aprili 2015, katika maegesho ya halmashauri za England, muda uliolipia ukiisha unapewa dakika 10 za ziada kabla ya mkaguzi kuruhusiwa kutoa faini. Aliyelipia mpaka saa sita na dakika kumi mchana akaandikiwa karatasi saa sita na dakika kumi na saba, ameandikiwa isivyo halali. Ila dakika hizo ni za mwisho, kwa mtu aliyelipa au aliye kwenye muda wa bure unaoruhusiwa. Hazimlindi ambaye hakulipa kabisa. Hoja nyingine ni kwamba kosa halikutendeka, kwamba gari lilichukuliwa bila idhini yako, kwamba ulikuwa umekwisha kuliuza, kwamba kiasi kinachodaiwa kinazidi kilichowekwa, kwamba amri inayoyaanzisha masharti ya maegesho hayo ni batili, au kwamba halmashauri yenyewe imekiuka utaratibu. Hii ya mwisho ni pana kuliko inavyoonekana. Halmashauri inatakiwa kulipima kila pingamizi kwa hali yake. Ikikutumia barua ya kunakili ambayo haigusi hata neno moja la ulichoandika, hilo lenyewe ni jambo la kumpelekea mwamuzi.

Kuna kundi la makosa ya simu ambalo limekua tangu mashine za sarafu zianze kuondolewa na programu kama RingGo na PayByPhone kushika nafasi zake. Mtu analipa kweli, lakini kwa gari lake la zamani lililobaki kwenye programu, au anakosea herufi moja ya namba, au anaingiza namba ya maegesho ya mtaa wa pili. Kwa ukali wa kanuni, gari lililosimama pale halikulipiwa. Kwa haki, halmashauri imepata pesa yake. Peleka risiti, onyesha kwamba gari ulilolilipia halikuwa mahali pengine likifaidika, omba wafute. Kwa kosa la mara ya kwanza, halmashauri nyingi hufuta. Hapohapo niseme kuhusu wezi: wapo wanaobandika misimbo ya QR ya bandia kwenye mashine za maegesho, na wapo wanaotuma ujumbe wa simu wakidai faini ambayo haipo. Fungua programu mwenyewe, na ulipe faini kwa anwani iliyochapwa kwenye karatasi yenyewe tu.

Namna ya kuandika inahitaji maneno zaidi, kwa sababu hapa tunajiangusha wenyewe. Sisi tumelelewa kuandika barua kwa heshima: salamu, radhi kwa usumbufu, unyenyekevu, kisha shida yenyewe karibu na mwisho. Mtu anaanza, "Naomba radhi sana, nakiri nilichelewa kidogo kwa sababu foleni ya dukani ilikuwa ndefu." Afisa anayesoma tayari amepata alichohitaji: dereva amekiri. Kumbe mtu huyo alichelewa dakika sita, na sheria ilikuwa upande wake. Barua inayofaa ni fupi na inataja saa. Nililipa saa fulani, muda wangu uliisha saa fulani, karatasi yenu inaonyesha saa fulani, tofauti ni dakika 6, kanuni inatoa 10, naomba mfute. Picha na risiti ziambatane. Kama una hoja mbili, iwekee kila moja aya yake. Matusi na maneno ya "mnatuibia" yaachwe kabisa. Hata yakiwa na ukweli, hayajibu swali linaloulizwa.

Vipi kama kosa lilitendeka lakini kwa sababu nzito? Gari liliharibika, mtoto alishikwa na pumu, mama alianguka hospitalini na ukachelewa kutoka. Halmashauri ina mamlaka ya kufuta faini hata pale kosa lilipotendeka, na mwongozo wa serikali unaitaka iyatumie mamlaka hayo kwa haki. Lakini inataka kuona kitu: risiti ya fundi au ya gari la kuvuta, barua ya kliniki, saa ya kuingia wodini. Wenzetu wengi huona aibu kuanika ugonjwa wa mtu wa familia mbele ya karani wasiyemjua. Ninawaelewa. Lakini hadithi isiyo na karatasi ni rahisi mno kukataliwa, na yenye karatasi mara nyingi hushinda. Na hatua ya halmashauri ndiyo mahali pake. Mwamuzi wa rufaa huangalia zaidi kama sheria ilivunjwa. Panapokuwa na sababu nzito za kiutu, kwa kawaida anachoweza ni kuirudishia halmashauri ifikirie upya.

Ikiwa pingamizi la awali limekataliwa na hukulipa, au hukuandika kabisa, siku 28 zikipita halmashauri humtumia mwenye gari barua iitwayo Notice to Owner. Ndiyo inayofungua mlango wa pingamizi rasmi, na ina siku 28 nyingine. Halmashauri ikishalipokea pingamizi rasmi ina siku 56 za kujibu. Ikichelewa, inahesabiwa imelikubali. Ikikataa, lazima ikutumie barua ya kukataa pamoja na maelezo ya kukata rufaa, na hapo una siku 28 za kwenda kwa mwamuzi. England nje ya London, rufaa hizo husikilizwa na Traffic Penalty Tribunal. Ndani ya London ni London Tribunals. Hakuna ada. Waamuzi ni wanasheria walio huru, na uamuzi wao unaibana halmashauri. Unaweza kuomba wasome maandishi tu, au usikilizwe kwa simu au video. Gharama za upande wa pili hutozwa mara chache sana, kwa mtu aliyekuja kufanya mzaha au kusumbua. Na si jambo la nadra kwa halmashauri, inapoona mtu amefika mpaka hapo na ushahidi wake, kuamua kutoitetea faini kabisa.

Katika barua hiyo ya Notice to Owner kuna jambo linalovunja udugu wa watu. Anayedaiwa ni mwenye gari, hata kama siku hiyo aliyeendesha alikuwa shemeji. Sisi magari yetu hayakai na mtu mmoja. Gari la dada linakwenda uwanja wa ndege kumpokea mgeni, linakwenda msibani Birmingham, linakwenda kubeba vyombo vya harusi. Mpwa analirudisha na ufunguo, na bahasha ya njano ameichana njiani ili asimsumbue shangazi. Shangazi anaanza kuijua faini inapofika kwa posta, punguzo limekwisha zamani, na kusema "si mimi niliyeendesha" hakumsaidii, isipokuwa gari lilichukuliwa bila ruhusa yake. Kampuni za kukodisha magari zina njia yao ya kuhamisha deni kwa mteja, familia hazina. Aliyeazima gari aulizwe waziwazi anaporudisha ufunguo, naye aseme.

Kibaya zaidi ni pale barua isipofika. Halmashauri huchukua anwani kutoka DVLA, mamlaka inayosajili magari, na anwani hiyo ni ile iliyo kwenye kadi ya gari. Mhamiaji huhama: chumba kwa rafiki, kisha nyumba ya kupanga, kisha mji mwingine kufuata kazi. Kadi ya gari hubaki na anwani ya chumba cha kwanza. Barua zote zinakwenda kule, na mwenyeji mpya anazitupa. Kutobadilisha anwani kwenyewe kunaweza kutozwa hadi paundi 1,000, lakini adhabu halisi ni kwamba faini inakua mtu akiwa hajui. Baada ya Notice to Owner kupuuzwa hutoka hati ya kuongeza deni kwa asilimia 50, hivyo 50 inakuwa 75. Kisha deni husajiliwa katika kituo cha mahakama cha Northampton kiitwacho Traffic Enforcement Centre, kwa ada ndogo juu yake, na amri ya kudai deni hutolewa. Kisha hukabidhiwa madalali wa mahakama, ambao kanuni za 2014 ziliwapangia paundi 75 kwa barua ya kwanza na 235 kwa kufika nyumbani. Jumlisha: 75, na 75, na 235 ni 385, kabla ya ile ada ya usajili. Mwanzo wake ulikuwa paundi 25.

Hata hapo mlango haujafungwa kabisa kwa yule ambaye kweli hakupata barua. Fomu ya TE9 ni tamko la kisheria unalolipeleka Northampton ukieleza kwamba hukupokea Notice to Owner, au uliandika pingamizi ukanyimwa jibu, au ulikata rufaa usijibiwe, au ulikwisha kulipa. Una siku 21 tangu amri ya kudai deni itoke. Ukichelewa unaongeza TE7 na kueleza kwa nini. Likikubaliwa, ile amri inafutwa na halmashauri inarudi nyuma kwenye utaratibu. Tamko la uongo ni kosa kubwa, kwa hiyo asiandike hivyo ambaye barua aliziona akazifungia kabatini. Na dalali akifika, jua mipaka yake: lazima awe ametuma taarifa ya siku 7 kamili kabla ya kuja, anafanya kazi kati ya saa 12 asubuhi na saa 3 usiku, na kwa deni la aina hii haruhusiwi kuvunja mlango ili aingie mara ya kwanza. Lakini gari lililoegeshwa nje anaweza kulifunga mnyororo. Shirika la Citizens Advice husaidia bure watu waliofika hatua hii, na ni afadhali kuwaendea wakati wa barua ya kwanza kuliko wakati wa kugongewa.

Wanaoguswa zaidi na haya ni wafanyakazi wa mizunguko. Wapo wengi wetu katika kazi za kutunza wazee majumbani, na tangu makubaliano ya 2021 kati ya Kenya na Uingereza, wauguzi Wakenya wameongezewa njia rasmi ya kuingia hospitalini kule. Mtunzaji anayepangiwa nyumba sita asubuhi moja, akilipwa kwa dakika alizokaa kwa mgonjwa, hana dakika za kutafuta mashine ya tiketi inayofanya kazi. Faini moja inameza mshahara wa saa nyingi. Ningewaomba waajiri wao walichukue suala la maegesho kama sehemu ya kazi, na wafanyakazi waulize kama halmashauri yao inatoa kibali cha watunzaji kabla ya kuanza mzunguko. Kwa wale wanaowabeba wagonjwa wenye beji ya buluu ya ulemavu, onyo moja. Beji hiyo huruhusu kuegesha bure kwenye sehemu nyingi za barabarani, lakini katika maegesho ya halmashauri kila moja ina sheria yake, na mengi hutaka tiketi ilipwe kama kawaida. Soma ubao. Na beji iwekwe uso juu, saa yake ikisomeka pale inapotakiwa.

Je, halmashauri zinatafuta pesa? Dereva yeyote atakuambia ndiyo. Sheria inasema zisitafute. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliihukumu halmashauri ya Barnet, London, kwamba haikuwa na mamlaka ya kupandisha bei za vibali vya wakazi ili kujipatia mapato, kwa sababu sheria ya barabara ya 1984 si sheria ya kodi. Mwongozo wa serikali nao unakataza kumpangia mkaguzi idadi ya karatasi za kutoa. Mimi sidhani tatizo kubwa ni wakaguzi wakatili. Kazi yao ina maana: bila wao nafasi za walemavu zingejaa magari ya wenye haraka, na maduka ya katikati ya mji yasingepata wateja kwa sababu gari moja lingekaa kutwa nzima. Dosari iko kwenye lile punguzo. Mtu aliyepinga kwa nia njema, akasikilizwa na mwamuzi na akashindwa kwa hoja, hastahili kulipa mara mbili ya mtu asiyepinga. Kama serikali inataka rufaa iwe haki kweli, iziamuru halmashauri zote kurudisha punguzo baada ya pingamizi la awali, isiwe hiari, na iache sehemu ya punguzo mpaka kwa mwamuzi. Halmashauri ambayo ina hakika na karatasi zake haitapata hasara.

Mpaka hayo yabadilike, wewe uliyeishika karatasi leo angalia kwanza jina la aliyeitoa, kisha tarehe, kisha picha. Kama umekosa, lipa nusu kabla ya siku ya 14 kwisha. Kama hukukosa, andika wiki hii. Na hata kama huna faini yoyote, itoe kadi ya gari lako uone anwani iliyoandikwa. Kuibadilisha DVLA ni bure.